Jani la Sale Kwenye Simu

"Hivi watu mia mbili wakibonyeza simu, ndiyo wamekubaliana?"

Jirani yangu Tabitha aliniuliza hivyo siku moja tukitoka ibadani. Nilimkumbuka Elinipendo, binti wa kijijini kwetu.

Wilson alikutana naye soko la Mbuyuni, mvua imewabana chini ya turubai moja. Elinipendo alivaa gauni la kijani alilojishonea.

"Dada, unanikanyaga."

"Pole. Ila viatu vyenyewe vilishachoka."

Wakacheka. Wiki hiyohiyo simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula mtori. Wewe unashiba maneno tu."

Wilson alikuwa fundi simu Njoro, mjini Moshi; kwao ni Old Moshi, jirani na kwa kina Elinipendo, ingawa yeye alikulia mjini. Posa ikapokelewa. Elinipendo akanunua kitambaa cheupe cha gauni la harusi.

Ndipo kijiji kikatakiwa kuamua: mfereji wa mababu ubaki, au maji yaende kwenye mabomba? Mzee Aminieli, baba yake Elinipendo, ndiye msimamizi wa mfereji. Alitaka watu wakae mpaka wa mwisho aridhike. Wilson akaona wanachelewa. Akafungua kundi la WhatsApp, watu wapige kura humo. Akarusha na video ya mzee akilia kikaoni, eti wasikie pande zote. Watu wakamcheka, wakamwita kizee cha matope. Mabomba yakashinda. Mzee akaacha kutoka, hata kanisani.

"Wilson, baba hali chakula," Elinipendo alimpigia.

"Nitamwomba msamaha, mpenzi. Nakuahidi."

Kwetu Uchagani mkosaji hubeba mkononi jani la sale, mmea tunaopandia uzio, akaenda kwa aliyemkosea. Ukiletewa jani hilo, huwezi kukataa kusamehe.

Jumatatu Wilson akaingia kwenye chumba cha ushonaji cha Elinipendo, shati limenyooshwa, uso umechangamka.

"Umeona? Nimeweka picha ya jani la sale kwenye kundi. Watu mia na arobaini wameweka alama ya moyo!"

Cherehani ikasimama.

"Baba hana simu, Wilson."

"Lakini kijiji kizima kimenisamehe, mpenzi."

"Kwani ulimkosea nani?"

Wilson akafungua simu, akamwonyesha ile picha.

"Jani ulilipiga picha wapi?"

"Kwenye uzio wa mama."

"Kutoka hapo hadi mlangoni kwa baba ni hatua ngapi?"

Wilson akaangalia mikono yake. Ilikuwa na simu tu.

Elinipendo akakunja kile kitambaa cheupe taratibu, kama mtu anayekunja nguo ya marehemu. Akamwekea mikononi, juu ya simu, akachukua kanga yake, akatoka.