Taa Iliyozimwa Kisiwani

Urbain alikuwa anakata kamba za viatu vya shemeji yake, Heshima, kwa kisu. Zilikuwa zimeganda, ngumu kama waya. Nje, dhoruba ya theluji ilipiga kibanda walichokuja kukikarabati kisiwani.

"Nisugulie vidole kwa theluji," Heshima alisema.

"Ngozi itachunika." Vidole vya mikono vilikuwa vimepauka, vigumu kama mshumaa. Urbain akavibana kwapani mwake. "Vikianza kuuma, niambie."

"Sivisikii kabisa."

Isak, mtoto wa kaka yake Heshima, alikuwa amevuka kwa boti mchana kwenda kununua mafuta ya taa. Makoti yao yalibaki botini. "Lugn, farbror," alimwambia Heshima akiondoka, kwa Kiswidi cha Sundbyberg alikokulia: tulia, baba mdogo. Sasa giza lilikuwa limeingia.

"Yuko kwa mama yake anakunywa kahawa," Heshima alisema. "Nimemlea mimi, Urbain. Ametutupa."

Kuni zilikuwa mbichi, hazishiki. Taa iliwaka dirishani, imwonyeshe Isak njia.

"Mafuta hayo tunamwekea nani? Msaliti?" Heshima aliuliza.

Urbain alifikiri sana. Kisha akaizima taa, akamwagia kuni mafuta. Moto ukashika. Baadaye vidole vikaanza kuuma. Heshima akalia kwa maumivu, Urbain akashukuru Mungu.

Asubuhi waliikuta boti ufukweni, imepasuliwa na barafu. Nyayo zilitoka pale zikielekea kibandani, zikapinda, zikaanza kuzunguka. Koti lilikuwa njiani. Kisha sweta. Kisha shati. Isak alikuwa amejipenyeza chini ya kichaka cha mreteni, karibu uchi. Mashavu yake meupe, aliyorithi kwa mama yake Mswidi, yalikuwa ya waridi, magoti yana mabaka mekundu.

"Ana damu! Yu hai!"

Urbain akamgusa shingoni. "Hapana, shemeji. Ni baridi inayoacha rangi hiyo."

"Basi wamempiga, wakamvua nguo!"

"Nyayo ni zake peke yake. Baridi ikimzidi mtu, mwishoni humdanganya kwamba anaungua. Anavua mwenyewe, kisha anatafuta pa kujificha."

Botini mlikuwa na makoti yao, mkate, na kidumu cha mafuta, kimejaa.

Waokoaji walipofika, Heshima alikuwa anamvalisha Isak shati. Mkono mmoja ulikuwa umeingia. Wa pili ulikakamaa, haukunjiki.

"Mwache hivyo," mwanamke wa uokoaji alisema kwa upole. "Lazima polisi wamwone kwanza. Watamchukua kesho."

Heshima hakuliachia shati. "Kesho tutamalizia, mwanangu," alirudia kusema, mpaka wakamwinua.

Urbain alirudi kibandani na kile kidumu. Akajaza taa, akaiwasha, akaiweka dirishani, mchana kweupe.