Jogoo wa Dina Kwenye Benchi la Kanisa

"Nimesema pana mtu hapa!" Dina alifoka.

"Mtu yuko wapi?" aliuliza Kristina, aliyekuwa akitafuta pa kukaa, mtoto amemlalia begani. "Mimi naona ndoo, kanga na jogoo."

"Ndoo ni ya mama mkwe. Kanga ni ya wifi."

"Na jogoo?"

"Ni matoleo. Kwa sasa anamshikia shangazi nafasi."

Benchi zima likacheka. Dina hakucheka.

Alikuwa ametoka Ulemo kumsindikiza mama mkwe wake, Cecilia, kuhiji kwenye kanisa hili la kilimani. Siku ya hija watu hujaa mpaka uani. Dina ni Mlutheri, na hakuwahi kufika hapo. Lakini foleni aliijua. Kwao kisimani, ukitanguliza ndoo, nafasi ni yako hata ukienda kusonga ugali. Tena alikuwa amemwapia mumewe kwamba mama atakaa. Magoti ya Cecilia yalikuwa yamevimba. Misa nzima kwa kusimama asingeiweza. Sasa alikuwa amekwenda chooni na wifi na shangazi, na Dina amebaki kulinda benchi.

"Kwetu ndoo inaheshimiwa!" Dina alisema.

"Basi kasali nayo kisimani."

Padri akaomba watu wanyamaze. Kanisa likatulia tuli. Jogoo akawika.

Mzee Lazaro, mhudumu wa kanisa, akaja upesi. Begani alivaa utepe wa njano.

"Shikamoo, baba," Dina alinong'ona.

"Marahaba. Mama, huyu naye amekuja kuhiji?"

Dina akamweleza habari ya magoti. Lazaro akatikisa kichwa.

"Mbona hukutuambia mlangoni? Wazee na wagonjwa wana viti vyao mbele. Wanaingilia mlango wa pembeni. Mama yako angekuwa amekaa zamani. Huku kwingine anakaa aliyefika. Vitu havishiki nafasi."

"Na jogoo?"

"Kuku na mbuzi wanapokelewa uani, penye turubai. Wakati wa matoleo utaitwa."

"Mimi si Mkatoliki, baba. Wenzangu wakienda kupokea komunyo, nifanyeje?"

"Baki mahali pako, utulie. Hakuna atakayekushangaa. Simu umezima?"

"Nimezima."

"Basi amebaki jogoo."

Dina akageuka. Cecilia alikuwa amerudi kutoka chooni. Alisimama kwenye mlango mkubwa, ameegemea ukuta. Watu wote wale, na yeye hawezi kupenya.

Dina hakungoja. Akaitia kanga ndani ya ndoo.

"Kaa, dada. Nisamehe."

Kristina akakaa na mtoto wake. "Na wifi? Na shangazi?"

"Watasimama. Wao magoti mazima wanayo."

Akambana jogoo kwapani, akapenya hadi mlangoni, akamshika Cecilia mkono. Wakazunguka nje mpaka mlango wa pembeni. Lazaro alikuwa ameshavuta kiti. Cecilia akakaa, akashusha pumzi, akaitazama altare pale mbele yake.

"Mwanangu, nafasi nzuri hivi umeishikaje?"

"Kwa kuuliza, mama."

Jogoo akanyoosha shingo. Dina akamfumba mdomo, akatoka naye mbio kuelekea kwenye turubai.