Nafasi ya Ndunge

Kwenye karatasi, watoto wa marehemu Mzee Kitheka walikuwa watano. Kwenye kompyuta ya Kanini, Jumanne hiyo saa nne asubuhi, walikuwa sita.

Kanini hakushtuka. Mwanamke mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapaji, mjini Makindu, mwenye mtoto wa wiki saba anayelala ndani ya katoni chini ya kaunta, hana muda wa kushtushwa na jina moja. Isitoshe, faili ya PDF ina vituko vyake. Ukiitazama imetulia kama saruji iliyokauka, huwezi kusogeza hata nukta. Ukiipandisha mtandaoni na kuigeuza iwe hati ya kuandikika, herufi zote zinalegea na kila kitu kilichokuwa kimebanwa kinatoka mahali pake. Picha huhamia ukurasa wa pili. Safu mbili huwa moja.

Na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuna mpiga chapa anayeanza programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na wasifu wa marehemu, kutoka mwanzo. Anafungua marehemu mmoja na kumwandika mwingine juu yake. Templeti za Kanini zilikuwa zimeungua pamoja na kompyuta ya zamani, siku stima iliporudi kwa nguvu. Kilichobaki kwenye barua pepe ni programu hii moja ya Mzee Kitheka wa Mukuyuni, aliyezikwa mwaka uliopita, yenye fremu ya maua ambayo kila mtu aliipenda. Mzee wa kanisa aitwaye Jonah alikuwa ameketi kwenye benchi akimngoja aandike ya marehemu dada yake.

Kanini akalifuta lile jina la sita. Ndunge. Akaandika watoto watatu wa dada yake Jonah, akachapa nakala mia moja na hamsini, akazifunga kwa kamba. Wakati printa inafanya kazi alisikia harufu ya udongo uliochimbuliwa, ule wa chini kabisa wenye ubaridi, lakini nje barabara ilikuwa inatengenezwa na hakufikiri zaidi.

Jumamosi jioni Jonah alirudi akiwa bado amevaa suti ya msiba.

"Kanini, hii ni nini umetuandikia?" Alisema polepole, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Dada yangu alizaa watatu. Mchungaji amesoma wanne mbele ya watu. Sasa kila mtu anauliza huyu Ndunge alizaliwa wapi."

Kanini alichukua karatasi. Lilikuwa pale, mwisho wa orodha, kwa herufi sawasawa na zile nyingine. Na sasa alikuwa amekumbuka.

Watoto wa Mzee Kitheka walikuwa sita kweli. Programu ile ililetwa na Kivuva, kijana wa pili wa marehemu, ikiwa tayari ni PDF kutoka kwa binamu Nairobi. Kivuva aliweka kidole juu ya jina la Ndunge, mtoto wa mke wa kwanza, binti aliyekuwa ameolewa Migwani na kuachika. Shamba lilikuwa linakaribia kugawanywa. "Toa huyo," alisema. Kanini hangeweza kufuta kitu ndani ya faili ile, basi akafanya wanachofanya wote: akachora kisanduku cheupe na kukilaza juu ya jina. Haikuchukua hata dakika. Alikuwa na wateja wengine.

Wiki moja baada ya mazishi, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya vumbi aliingia na programu mkononi. Hakupiga kelele. Aliinua karatasi kuelekea dirishani, akapitisha kidole kwenye mstari mtupu chini ya majina ya ndugu zake.

"Hapa kuna nafasi," alisema. "Walipoita watoto watupe udongo, sikuitwa. Mimi nilikuwa hapa?"

"Jina lako halikuletwa," Kanini alimjibu.

"Ata kidogo?"

"Haukuwa hapo, dada."

Ndunge alishukuru, akatoka. Miezi mitatu baadaye alikufa Migwani, peke yake nyumbani, na akazikwa bila hata karatasi moja.

Baada ya Jonah, kila faili iliyofunguliwa ilitoka na jina la Ndunge. Barua ya mwalimu wa Mukuyuni akiomba uhamisho: chini ya sahihi, Ndunge. Fomu ya chama cha akina mama: mwanachama wa mwisho, Ndunge. Ukitazama PDF yenyewe, safi. Ukiilegeza, yumo. Kanini alifuta mpaka kidole kikauma.

Alhamisi, saa nane, jua likiwa kali na duka halina mtu, alifungua hati tupu aliyoianzisha mwenyewe, isiyotoka kwenye faili yoyote, ili ajihakikishie kwamba kompyuta haina ubaya. Kimstari chake cha kuandikia kilikuwa kinapepesa juu ya ukurasa. Kisha chini kabisa kikatokea kimstari cha pili, chekundu kama udongo wa kwao, kile kinachotokea mtu mwingine anapoingia kuandika nawe, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amemkaribisha. Kikasimama, kikangoja, kikaanza kutoa herufi moja baada ya nyingine, kwa uzito wa mtu anayetafuta kila herufi kwa kidole kimoja, na harufu ile ya udongo ikapanda kutoka chini ya kaunta alipolala mtoto, na mtoto, ambaye alikuwa akilialia tangu adhuhuri, akanyamaza na kugeuza uso wake mdogo kuelekea mgongo wa skrini kama anayesikiliza, mpaka maneno yakakamilika:

*mtoto anaitwa nani*

Kanini alizima stima ukutani. Mtoto akaanza kulia, na tangu hapo hakunyamaza.

Alilia siku nne. Alikataa titi. Hospitalini walimpima wakasema hana ugonjwa. Washirika wa kanisa waliomba mpaka sauti zikakauka. Mashavu yake yalianza kuingia ndani, na Kanini alipomwosha aliziona mbavu, akalia naye. Mumewe Kasyoki alikuwa safarini na lori, akipiga simu kila saa.

Siku ya tano mama mkwe wake, Kavata, ambaye mtoto alipewa jina lake, alifunga mlango kwanza. Alikuwa mwimba kwaya na hakutaka majirani wasikie.

"Zamani mtoto akilia hivi tulijua kuna mtu anaomba jina," alisema kwa sauti ya chini. Akampakata, akaanza kuita majina ya wafu wa ukoo, mmoja mmoja, akingoja baada ya kila jina. Kina nyanya, mashangazi, hata mtoto aliyekufa mchanga kabla ya uhuru. Kilio hakikupungua.

Kanini alikuwa amesimama kando ya kabati. Alilisema bila kukusudia, karibu bila sauti.

"Ndunge."

Kilio kikakatika. Mtoto alipumua kwa nguvu, mara moja, akafungua macho.

"Ndunge gani?" mama mkwe aliuliza. "Kwetu hakuna Ndunge."

"Sijui, Mwaitu," Kanini alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Limenijia tu."

Kilio kikaanza upya, cha juu zaidi.

Ni Fartun aliyemtoa Kanini ukweli. Fartun aliuza madira, yale magauni mapana, na chupa za chai duka la pili, na kwao Wajir aliwahi kuona majini wakitolewa. Alikuja na chetezo, akafukiza ubani kila pembe ya saiba, akasoma aya alizozijua. Katikati ya kusoma, printa iliyokuwa imechomolewa ikavuta karatasi moja na kuitema nyeupe. Fartun aliiokota.

"Mama Kavata," alimnong'oneza Kanini, "jini akisomewa anatafuta mlango. Huyu amekaa. Amekaa kama mtu ako kwake. Wewe umemfanyia nini mtu?"

Kanini akamwambia yote: kisanduku cheupe, karatasi dirishani, jibu alilotoa.

"Basi nenda useme hivyo hivyo, mbele ya ndugu zake. Useme yote. Ukisema nusu, atachukua nusu iliyobaki mwenyewe."

Kanini aliifungua programu ya Mzee Kitheka kwa mara ya mwisho. Kwenye hati iliyolegea, Ndunge alikuwa pale pale kwenye nafasi yake, wa kwanza kuzaliwa na wa mwisho kuandikwa. Safari hii hakumgusa. Alichapa nakala moja, akambeba mtoto mgongoni, akaenda na mama mkwe hadi kwa Kivuva.

Kivuva alisikiliza ombi lake la kuisoma kaburini kwa Mzee Kitheka, akiwa amesimama langoni. Alimtazama mtoto, na uso wake ukalegea kidogo, maana naye ni mzazi. Kisha akamvuta Kanini kando.

"Utasoma. Lakini useme ni makosa ya kompyuta. Hapa hakuna mtu alitoa mtu. Umeskia? Hiyo maneno ya shamba sitaki ianze tena."

Ilikuwa saa sita, jua likiwa utosini. Walisimama kaburini, ndugu watatu, mama mkwe, na Kanini akiwa na karatasi. Mtoto alikuwa amelia mpaka akabaki na mkwaruzo tu. Kanini alisoma wasifu wote, akafika kwenye watoto, akasoma sita. Alinyanyua macho akakutana na ya Kivuva. Kitu alichopaswa kusema kilikuwa kimeshafika kooni. Ningependa kuwaambia kwamba alikisema.

"Jina hili liliachwa," alisema. "Ilikuwa makosa ya kompyuta. Mtusamehe."

Mtoto akanyamaza.

Mama mkwe aliita jina la Bwana. Kanini alikaa chini kwenye mchanga na kulia kwa furaha. Jioni hiyo mtoto alinyonya, akalala, na wiki mbili zilizofuata akanenepa. Hati ziliacha kutoa jina la mtu yeyote. Fartun tu ndiye aliyeuliza, "Ulisema yote?" na Kanini akamjibu kwamba mtoto amepona, si ndiyo?

Jumatano kabla ya Jumapili ya kubariki watoto, kanisa lilimtumia Kanini programu achape. Ilikuwa PDF, imetulia. Alitafuta mstari wao akitabasamu. *Mtoto: Kavata. Baba: Kasyoki.* Na baada yake: *Mama: Ndunge.*

Alijiambia karani amekosea, alijiambia kuna kisanduku tu, kitu kilicholazwa juu ya kingine, kitu ambacho yeye kuliko watu wote wa Makindu anajua kukiondoa; basi akaipandisha faili, akaigeuza, akangoja herufi zilegee, akalifuta jina la Ndunge na kutazama chini yake, palipopaswa kuwa na lake, akasogeza mstari juu na chini, akakuza ukurasa mpaka herufi moja ikajaa skrini, akatafuta kwenye hati nzima neno Kanini kuanzia fremu ya maua hadi sala ya mwisho. Hakukuwa na kitu kilichofunikwa. Lilikuwa halijaandikwa kamwe.

Harufu ya udongo ilikuwa imejaa chumba. Mlango ulifunguliwa, mama mkwe akaingia na mtoto begani, akatazama huku na huku.

"Shikamoo," Kanini alisema, na sauti yake ilisikika ndogo. "Mwaitu, mlete anyonye."

Mama mkwe alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mhudumu asiyemjua.

"Nangoja mama yake," alisema. "Ndunge ametoka?"

"Mwaitu, ni mimi. Ni mimi mama yake. Ni Kanini."

Mama huyo mzee alifikiri, alijitahidi kweli, maana alikuwa mwema. Mtoto alikuwa akicheka, akimnyooshea mikono mtu aliyesimama nyuma ya Kanini.

"Pole, dada," mama mkwe alisema. "Hilo jina sijawahi kulisikia kwetu."