Viti vya Ukumbi wa Wirrabindi

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Enid, na Enid si mtu wa kuzua. Mji wetu wa Wirrabindi uliwahi kuwa na shule, benki na timu mbili za kriketi. Reli ilipong'olewa watu wakahama, tukabaki saba. Asubuhi ile ya baridi kali tulikuwa tunamzika mzee Clarrie, na Enid akaenda ukumbini kuchukua viti sita vya waliobaki.

"Ngoja nimalize kukama, twende wote," nilimwambia.

"We naye! Nakwenda kubeba viti, siendi vitani."

Ukumbi ulikuwa umefungwa miaka tisa, madirisha yamezibwa kwa mabati. Enid aliingia gizani akipapasa ukuta, mahali viti vilipokuwa vimepandanishwa. Havikuwepo. Ndipo akasikia mtu akikohoa, kisha minong'ono, kama ya watu wanaosubiri mkutano uanze.

"Nani huko? Clive, kama ni wewe na mizaha yako, nitakuchapa!"

Alirudi nyuma, akajigonga kwenye kiti, akakishika asianguke. Kilikuwa na joto, kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Akapapasa cha pili, cha tatu, safu nzima. Navyo vilikuwa na joto.

Alinisimulia jikoni kwangu, chai hajaigusa.

"Kimoja tu ndicho kilichokuwa baridi, shoga yangu," alisema. "Kile cha pembeni, karibu na mlango. Miaka yote nilikuwa nakaa pale."