Mwenye Nywele Hizi

Kaka yangu alikuwa fundi wa cherehani za kiwandani. Kiwanda kilipoagiza mashine mpya kilimpeleka yeye na mwenzake, tuliyezoea kumwita Spana, katika mji mmoja huko Asia wakajifunze kuzitengeneza. Wiki nzima walishinda karakanani. Jumamosi wakaachiwa wapumzike. Spana akaenda kutafuta simu, kaka akaamua kuzurura tu peke yake, akinitumia ujumbe wa sauti kila alipokutana na cha kuchekesha.

Alinisimulia duka lililouza vifungo vitupu, kuanzia sakafuni hadi darini. Alinisimulia vichochoro vyembamba vyenye nguo zilizoanikwa juu, maji yakimdondokea shingoni. Mahali fulani aliulizia sindano za cherehani kwa ishara za vidole, akaletewa chai. "Kibiriti," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa hasira zangu, na hakuna mwingine aliyethubutu, "huku hata nikipotea sitajuta." Nilicheka. Siku hizi ujumbe ule siufungui.

Mchana akaona kinyozi uchochoroni: mzee, kiti kimoja, kioo chenye ufa na benchi la kusubiria. Alizibonyezabonyeza nywele za kaka kwa muda mrefu, kisha akamnyoa vizuri tu. Mama yetu alitulea kwa sharti moja, kwamba ukinyolewa urudi na nywele zako, wasije wabaya wakazipata. Kaka, na ndevu zake zote zile, bado alilitii. Akainama aziokote. Kinyozi akazikanyaga. Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kifurushi cha gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mwambie mama nimezipata, asije akaniroga yeye mwenyewe," kaka alisema katika ujumbe wa mwisho wa siku ile. Alisema ameshafika hotelini, yuko chumbani peke yake. Nyuma ya sauti yake nilisikia mkasi ukikata.

Aliporudi nyumbani, mama alikipokea kifurushi kabla hajampokea mwanawe. Mimi ndiye niliyekifungua. Nywele zilikuwa ndefu, laini, zimenyooka. Kwetu sote nywele ni kipilipili.

"Mama, hizi si za kaka."

"Zimetoka mkononi mwake?"

"Ndiyo, lakini ziangalie."

"Basi. Usinifundishe kazi."

Akazifukia nyuma ya jiko, pembeni ya bomba, akasema maneno yake yale yale ya miaka yote: "Mwenye nywele hizi asitoke nyumbani kwangu." Nilimsihi azitupe. Mama yangu akishaamua jambo, heri uongee na ukuta.

Haukupita muda, kaka akaanza kubisha hodi. Nyumba aliyozaliwa, mlango uko wazi, naye amesimama nje na mkoba wake wa vifaa akingoja kukaribishwa. Tulimtania sana. Kisha akakihama chumba chake, akawa analala sebuleni, ameketi kwenye kochi. Nilipomuuliza aliangalia mlango wa chumba kwanza.

"Kuna mtu," alininong'oneza.

Nilikwenda kuangalia. Hapakuwa na mtu. Nikagusa godoro, lilikuwa na joto.

Alikonda. Akaanza kusahau vifaa vyake vinaitwaje. Mama alisema ni uchovu wa safari, akamkorogea uji. Jumapili moja asubuhi kaka aliniaga kwamba anakwenda dukani kununua sabuni. Hakurudi. Viatu vyake vilibaki mlangoni. Pasipoti yake ilikuwa kabatini, na mpaka leo ipo. Polisi walisema mwanaume mzima hapotei, atakuwa kwa mwanamke.

Mama alilia. Kisha akaacha kulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mchana mmoja nilimkuta amepakua chakula kwenye sahani ya kaka, ameiweka mlangoni pa chumba kile.

"Mwanangu, kula kabla hakijapoa."

Mlango ukafunguka kidogo. Sahani ikaburutwa ndani.

Spana, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari zote za kinyozi na nywele, alipelekwa tena kule kwa mafunzo mengine. Siku aliyorudi alikuja kwetu na begi lake la safari, akagoma kuingia ndani. Tulizungumza getini.

"Nimemwona," alisema kwa sauti ya chini. "Kwenye benchi la yule kinyozi. Yuko pekupeku, ana taulo shingoni. Nikamwita, hakugeuka. Nikamshika bega. Akaniambia anangoja zamu yake."

"Kwa nini hukumvuta?"

"Nilimvuta, shemeji. Hakunyanyuka. Na yule mzee akaninyooshea kiganja, anadai chake." Akahamishia begi mkono wa pili. "Nitarudi kule karibuni. Zifukue zile nywele, nizirudishe."

Nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Ukimtoa huyu, nibaki na nani?"

"Huyu si mwanao, mama."

"Anakula ninachopika. Hasafiri. Hanijibu ovyo kama nyinyi."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mama yangu dakika ile.

Nilingoja aende kliniki yake ya macho, nikachukua jembe. Ilikuwa mchana kweupe, redio ya jirani ikitangaza mpira. Gazeti lilikuwa limeoza. Nywele hazikuoza. Zilikuwa zimekua. Nikazishika, nikavuta. Zikaja. Nikavuta tena. Zikaendelea kuja, kutoka chini ya udongo, upande wa nyumba. Nikazizungusha kidoleni. Nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Chumbani mtu akalia.

Nikavuta.

"Kibiriti." Ilikuwa sauti ya kaka, taratibu, pumzi zikimkatika. "Kibiriti, unaniumiza."

Nikaachia.

Spana alisafiri mikono mitupu. Mama aliporudi aliuona udongo, akaushindilia kwa miguu, akaweka pipa la maji juu yake. Najua kaka yuko kwenye lile benchi, anangoja. Najua pia kwamba jina lile hakuna mwingine aliyewahi kuniita. Nikiliwaza la kwanza nashika jembe, nikiliwaza la pili naliweka chini, na miezi inakwenda. Mama anapika kwa furaha. Chanuo la bafuni kila asubuhi lina nywele ndefu zilizonyooka, nami ndiye ninayelisafisha.

Kidole changu cha shahada kina mchirizi mwembamba mwekundu pale nilipozizungusha. Daktari anasema ni kovu. Makovu hayabani. Hili, kila Jumamosi mchana, linabana kidogo, na kidole changu kinavutwa kuelekea chumbani.