Aliyekuja Kusikiliza

Kanisa lilikuwa limefurika watu wa harusi, mlangoni bibi harusi amekanyaga pindo la gauni lake, na fundi cherehani alikuwa amepiga magoti nyuma yake na pini mdomoni. Ndipo umeme ukakatika.

Feni zikasimama. Kinanda kikubwa cha mabomba, kilichokuwa kwenye roshani ya kanisa lile kongwe kabla hata mji haujawa na barabara, kikatoa mlio kama wa mgonjwa anayekata roho, nacho kikanyamaza.

Kijana mmoja mwenye tai iliyokaa upande akachungulia kutoka juu.

"Jamani, nahitaji mtu wa kuvukuta! Mwenye mikono ya nguvu!"

Wanaume wakatazamana, kila mmoja akikumbuka kwamba suti yake ni ya kuazima. Fundi akazitoa pini mdomoni, akakunja mikono ya gauni lake la manjano, akapanda ngazi za mbao.

Nyuma ya kinanda palikuwa na mpini mrefu, wa kusukuma upepo kwenye mabomba siku mota ya umeme ikilala.

"Unapandisha, unashusha," mpiga kinanda alimwelekeza. "Taratibu, kama unambembeleza mtoto. Ukichoka sema."

"Nikichoka utasikia mwenyewe."

Bibi harusi aliingia kwa shangwe. Ibada ilipokwisha, fundi alitoka nyuma kule akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mpiga kinanda, jasho likimchuruzika, alitoa kitambaa chake safi. Hakujifuta. Alifuta kiti kwanza ili fundi akae, ndipo akaenda kumletea maji. Jambo dogo hilo, lakini ndilo fundi alilokwenda nalo nyumbani.

Umeme wa mji ule haukuwa na adabu, na mazoezi ya kinanda yalikuwa mengi. Simu zikaanza.

"Fundi wangu, umeme umekatika."

"Mbona huku kwangu taa inawaka?"

"Basi... utakatika."

"Muongo wewe!"

"Njoo, kipenzi. Bila wewe napapasa mbao tu hapa."

Naye hufunika cherehani yake, akajipaka mafuta kidogo, akaenda. Mapenzi yakakolea nyuma ya kinanda, yeye akipanda na kushuka na mpini, kijana akimtania kutoka upande wa pili kwamba leo upepo una hasira, nani kauudhi.

Kisha likatangazwa onyesho kubwa la kinanda, wageni watatoka mbali. Mama yake mpiga kinanda, mjane, akaja wiki moja kabla. Fundi alijishonea gauni la zambarau kwa ajili ya siku ya kukutana naye tu. Mlangoni mwa kanisa kijana alimshika mkono, akamsogeza mbele ya mama yake, akasema, uso umejaa fahari:

"Mama, huyu ndiye anayenivukutia kinanda."

Basi. Hakuongeza neno.

Fundi alimsalimia mama kwa heshima zote, halafu akasema amekumbuka kwamba ameacha pasi inawaka. Akaondoka. Simu ililia kabla hajafika dukani kwake.

"Mpenzi, nimekosa nini?"

"Kwani ulimleta mama yako aje kumwona nani? Kibarua?"

"Kibarua tena! Mimi nilikutaja kwa—"

"Mwambie nimemaliza zamu."

Akakata. Simu za baadaye hakuzipokea.

Siku iliyotangulia onyesho, mama yule aliingia dukani na sketi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sketi hii imenizidi kiunoni. Na yule kijana wangu amenizidi ujinga, ila huyo hapunguzwi kwa cherehani."

Fundi alitaka kununa, akajikuta anacheka. Akamvutia kiti.

"Marehemu mume wangu alipiga kinanda kile kile," mama alisema. "Mimi ndiye niliyemvukutia, tangu uchumba. Hata mimba ya huyu ilinikuta mpinini. Nyumbani kwetu hakuna sifa iliyopita hiyo. Baba yake alinitambulisha hivyo kwa wakubwa wote, kwa majivuno, na mtoto akakua akisikia. Aliponiambia vile juu yako, nilirudi nyumbani nikalia kwa furaha."

Fundi akainama juu ya sketi. "Basi nimemwonea bure."

"Hujamwonea. Hebu niambie, kule nyuma unasikia nini?"

"Mbao zinalia kwikwi. Na pumzi zangu."

"Umeona? Mume wangu alisifiwa nchi nzima, na mimi sikumsikia hata siku moja kutoka mbele. Hakuwahi kufikiria kuniambia, leo kaa usikilize. Nami sikusema. Wewe sema, mwanangu."

Siku ya onyesho kuta nene za kanisa zilikuwa zimepakwa chokaa upya, na mabenchi yaliyolainishwa na vizazi vya waumini yalijaa. Fundi, kwenye gauni la buluu, alipanda roshani. Mpiga kinanda alipomwona, karatasi za muziki zilimponyoka.

"Umekuja! Umeme upo lakini siuamini. Nimekufutia vumbi huku nyuma, hata mto nimeweka."

"Asante. Ila sikuja kuvukuta. Mama ameniambia yote, sina kinyongo. Lakini wewe sijawahi kukusikia."

"Hujanisikia? Kila siku uko—"

"Nimesikia mbao. Leo nitakaa mbele na mama."

Kijana alianza kuokota karatasi. "Na umeme ukikatika?"

"Hapo ndipo nitajua," akajibu, akashuka.

Moyoni alikuwa ameshaamua. Akiitwa ataenda, hawezi kumwaibisha mbele za watu. Lakini akitoka huko nyuma, atapitiliza nyumbani kwake na hatarudi tena.

Kinanda kikaanza. Sauti nene zilipita sakafuni zikampanda magotini, nyembamba zikamwagika kutoka darini kama mvua ya manyunyu. Fundi akasahau kufunga mdomo. Kumbe ndiye huyu ambaye yeye humnyooshea tai kila siku!

Katikati ya kipande cha mwisho, feni zikasimama. Kinanda kikakoroma, kikazima. Wanakwaya wote, waliomjua, wakamgeukia. Mikono yake ilikuwa tayari imeshika benchi, mwili umeanza kuinuka.

"Fundi, kaa!"

Mpiga kinanda alikuwa ameinama juu ya ukingo wa roshani.

"Wageni wetu, mniwie radhi. Yule mwenye gauni la buluu nataka kumuoa, kama atanikubali. Leo amekuja kusikiliza. Naomba mtu mwingine yeyote anivukutie."

Kanisa likalipuka kwa vicheko na makofi. Mchungaji mwenyewe akakunja mikono ya kanzu, akapanda ngazi. Alivukuta vibaya, masikini, muziki ukawa unapepesuka na kupaliwa, lakini ulisonga mbele.

Mama akamwinamia fundi. "Haya, utamjibu nini?"

"Nimekubali, mama," alinong'ona, machozi yakimtiririka asiyafute. "Lakini tumwache amalize."

Mama akamshika mkono, akafumba macho. Wakasikiliza mpaka mwisho, wote wawili, kutoka mbele.