Maji ya Babu Vénant

Likizo ile, kila asubuhi Doriane alifua blanketi la babu yake na kulianika uani. Walikaa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Babu Vénant alikuwa amepooza upande mmoja, na mkojo ulimtoka bila yeye kuweza kuuzuia. Baba, Thaddée, alimwogesha kisha akaenda kupalilia maharagwe. Kazi ya Doriane ilikuwa kumnywesha maji, vikombe sita kwa siku.

Siku moja Doriane akajiona mjanja. Asiyekunywa hakojoi! Akampa babu mafunda mawili tu, maji mengine akamwagia mchicha mbele ya mlango. Kesho yake blanketi lilikuwa karibu kavu.

"Babu alikunywa yote?" baba aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Akaendelea hivyo kila siku, na mchicha ukanawiri kweli kweli. Babu hakunawiri. Siku ya tano alichemka kwa homa, midomo ikapasuka, na mkojo kidogo uliomtoka ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Wakampeleka hospitali mjini Mbarara.

"Huyu mzee munamupa maji ngapi?" aliuliza nesi Evas.

"Vikombe sita, Sista," baba alijibu bila wasiwasi.

Doriane alimtazama babu. Akinyamaza, babu angeweza kufa.

"Hapana, Sista. Nilikuwa namwaga. Nilitaka blanketi likauke."

Baba alimkodolea macho. Evas akamshika bega. "Asante kusema. Sasa tunajua mahali ya kuanzia."

Dripu na dawa zilishusha homa. Ndipo Evas akavuta pazia, akamfundisha baba kumvisha babu mpira laini wa kupokea mkojo, unaovaliwa nje ya mwili, wenye mrija unaoteremka hadi kwenye mfuko.

"Kila siku mutoe, muoshe mzee na sabuni, mukaushe, muvalishe ingine mupya. Mfuko ikae chini ya kitanda. Maji haipandi kilima."

Pazia lilipofunguliwa, babu alikuwa amelala fofofo. Doriane akaona tone likiteremka mrijani, kisha jingine. Blanketi lilikuwa kavu!

"Sista, nani anasukuma mkojo, na babu amelala?"

"Figo. Mutu analala, zenyewe hazilali. Tangu mzee azaliwe, hazijapumzika hata siku moja."

Miaka sabini na minne! Doriane alipigwa na butwaa. Akagusa mgongo wake mwenyewe, polepole, kana kwamba angezisumbua.

Jumapili moja baada ya kurudi Juru, babu alipelekwa misa, mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, mfuko ukiwa ndani ya kikoba cha kitenge alichoshona Doriane. Waliporudi, Doriane alimwomba msamaha.

"Nilijua," babu alisema kwa ulimi mzito. "Nilikuwa naona ile mchicha. Nikanyamaza, sababu na mimi niliona haya ya ile blanketi."

"Kumbe mlinificha wote wawili!" baba alisema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tungemwambia Sista mapema, tungepata mpira huu mapema. Ugonjwa si aibu, mwanangu. Aibu ni kuuficha kwa uongo."

Babu akanywa kikombe chote mpaka tone la mwisho, akakinyoosha kwa mkono wake mzima.

"Doriane, lete ingine."